Papasi, Viroboto na Majarida: Suala la Kuaminika kwa Maandishi ya Tiba katika Historia ya Usambara

Mnamo mwaka 1905 reli iliyotoka Tanga ilifika Mombo, kwenye nyayo za milima ya Usambara, na kwa mara ya kwanza safari ya kutoka pwani hadi njia panda ya Lushoto, ambao wakati huo Wajerumani waliuita Wilhelmstal, ikawa ya saa badala ya siku. Mwaka huohuo msomaji wa Tanga aliweza kupata machapisho ya namna tatu yaliyotofautiana sana. Lilikuwapo gazeti la walowezi, Usambara-Post. Lilikuwapo Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililoanza mwaka 1904 na kusomwa na walimu, makarani na maakida. Na ndipo lilipoanza Der Pflanzer, jarida la Kijerumani la kilimo ambalo wataalamu wa taasisi ya utafiti ya Amani waliliandikia. Kila moja lilikuwa na wasomaji wake, na kila moja lilikuwa na njia yake ya kumfanya msomaji asadiki kilichoandikwa ndani yake.

Mhadhara huu unahusu jambo hilo la mwisho, yaani namna maandishi ya kitaalamu yanavyopata haki ya kusadikiwa, na namna haki hiyo inavyoweza kuigwa na wasiostahili. Mada hiyo huchukuliwa kuwa ya wakutubi na waganga wa hospitalini tu. Hata hivyo, milima ya Usambara ina historia ndefu ya maandishi yaliyosadikiwa na yasiyosadikiwa, na sehemu ya historia hiyo imo katika Kiswahili.

Kabla ya majarida

Mfano ulio karibu zaidi na wanafunzi wa fasihi na historia ni Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ambacho sehemu zake zilichapishwa kwanza na wamisionari wa Magila karibu na Muheza, na ambacho J. W. T. Allen alikihariri kikatolewa tena mwaka 1962. Kitabu hicho kinasimulia ukoo uliotawala Usambara tangu Mbegha hadi enzi za Kimweri na mtafaruku uliofuata kifo chake. Mwandishi hakuwa mgeni wa mambo aliyoyasimulia, kwa kuwa alikaa karibu na watawala wenyewe, hususan Semboja wa Mazinde. Hilo ndilo linalompa nguvu, na hilohilo ndilo linalomtaka msomaji awe macho. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyechapisha utafiti wake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, hakukipokea kitabu hicho chote kama kilivyo wala hakukitupa. Alikipima kwa masimulizi aliyoyakusanya vijijini, akiuliza ni nani aliyesimulia, alikuwa wapi, na alikuwa na masilahi gani.

Kwa watu wa pwani utaratibu huo haukuwa mgeni. Elimu ya hadithi katika Uislamu imejengwa juu ya isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wanaotajwa mmoja baada ya mwingine, na thamani ya habari hutegemea uaminifu wa kila kiungo cha mnyororo huo. Mpokezi mmoja asiyejulikana hutosha kuidhoofisha habari yote, hata kama maneno yake yanapendeza. Yeyote anayeifahamu kanuni hiyo amekwisha kufahamu sehemu kubwa ya kile ambacho leo huitwa uhakiki wa rika.

Katika uganga wa Washambaa nako kulikuwa na vipimo. Uganga ulirithiwa na kufundishwa, na mganga alijulikana kwa aliyemfundisha. Tena uamuzi wa kumpeleka mgonjwa kwa mganga huyu au yule haukuwa wa mgonjwa peke yake. Ndugu walikaa, wakakumbushana ni nani aliyemponya nani, kisha wakaamua. Utafiti wa Feierman juu ya afya na uponyaji umelieleza vizuri jambo hili la jamaa kushauriana, na litafaa kukumbukwa mbele ya safari.

Amani, papasi na Robert Koch

Taasisi ya Amani ilianzishwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1902 katika Usambara ya Mashariki. Mtu aliyehusika sana na kuanzishwa kwake alikuwa Franz Stuhlmann. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mimea: kahawa, mkonge, mpira, mkwinini. Lakini kwa kuwa ilikuwa na maabara, hadubini na maktaba, iliwavuta pia watafiti wa maradhi. Aliyekuwa mashuhuri kuliko wote ni Robert Koch, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1905 na kufanya sehemu ya kazi zake hapo Amani.

Mojawapo ya maswali yaliyomshughulisha Koch ni homa inayopanda na kushuka, ikarudi tena baada ya siku chache, ambayo wasafiri wa misafara waliiogopa. Waswahili walikuwa na jina la mdudu anayehusika: papasi, kupe anayejificha katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta, anayetoka usiku kumnyonya aliyelala. Homa yenyewe iliitwa, na bado huitwa, homa ya papasi. Kwa maneno mengine, lugha ilikwisha kuunganisha ugonjwa na chanzo chake kabla maabara haijafanya hivyo. David Livingstone alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1857 juu ya madhara ya kuumwa na kupe wa jamii hiyo. Lakini kilichokuwa katika vinywa vya watu, na hata katika vitabu vya safari, hakikuhesabiwa kuwa elimu mpaka kipite katika jarida.

Na hapo majarida yakaingia mbioni. Novemba 1904 Ross na Milne, madaktari waliofanya kazi Uganda, walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza taarifa fupi iliyoihusisha homa hiyo na kupe. Wakati huohuo Joseph Dutton na John Todd walikuwa mashariki ya Kongo wakifanya majaribio juu ya jambo lilelile. Dutton mwenyewe aliambukizwa, na akafariki Kasongo Februari 1905 kabla ya kuyaona matokeo yake katika chapa. Koch naye, akizichunguza nyumba za kupumzikia katika njia za misafara, alionyesha kwamba vijidudu vya homa hiyo hupita kutoka kwa papasi jike hadi katika mayai yake, hata kizazi kipya kikazaliwa na maradhi. Taarifa zake za awali zilichapishwa mwaka 1905 katika jarida la tiba la kila wiki la Ujerumani.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba makundi hayo matatu hayakufanya kazi pamoja, hayakupendana sana kitaifa, na yalichapisha katika majarida ya nchi mbili zenye ushindani. Hata hivyo, yalifikia jibu linalokubaliana. Majarida yaliyoyapokea yalikuwa na wahariri waliojulikana kwa majina na anwani, na maelezo ya majaribio yalitolewa kwa kiasi ambacho mtu mwingine angeweza kuyarudia. Kijidudu kilipopewa jina la kisayansi, kilipewa jina la Dutton. Papasi hakulipwa chochote kwa kuwa wa kwanza kutajwa.

Lakini ingekuwa kosa kuusimulia wakati huo kana kwamba ulikuwa zama za dhahabu. Mwaka uliofuata, 1906, Koch alirudi akiongoza msafara wa kuchunguza ugonjwa wa malale. Msafara huo ulipitia Amani, kisha ukahamia visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, ambako ugonjwa ulikuwa mkali. Huko aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki, na taarifa zake za mwanzo zilikuwa za matumaini makubwa. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka wasipate kuona tena. Taarifa hizo za matumaini zilichapishwa katika majarida ya heshima kamili, chini ya jina la mtu aliyekuwa ametoka kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Hapakuwa na ulaghai wa mchapishaji. Kulikuwa na haraka, na kulikuwa na jina kubwa lililowafanya wahariri wasiulize maswali ambayo wangemwuliza daktari mdogo. Yeyote anayewafundisha watafiti vijana leo kwamba jarida zuri ni dhamana ya ukweli angefanya vyema kuanza na macho ya wagonjwa wa Ssese.

Taasisi kama mdhamini

Baada ya Waingereza kuichukua Amani mwaka 1916, taasisi ilipita katika vipindi vya kupuuzwa na kufufuliwa. Kilimo kilihamishiwa Muguga nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, na majengo yake yakachukuliwa na kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki kilichoongozwa na Donald Bagster Wilson, daktari aliyekuwa amekwisha kufanya utafiti wa malaria katika maeneo ya Tanga na Muheza kwa miaka mingi. Hapo ndipo Amani ilipokuwa mahali pa malaria. Mick Gillies aliwachunguza mbu wa Afrika huko, na kitabu alichokiandika pamoja na Botha de Meillon, kilichotoka mwaka 1968, bado hutajwa na wataalamu wa mbu.

Katika miaka hiyo sehemu kubwa ya matokeo ya Amani ilitoka katika ripoti za mwaka za taasisi, zilizopigwa chapa na kupelekwa kwa wanaohusika. Hazikuhakikiwa na watu wa nje kwa namna inayojulikana leo. Mpango mkubwa wa kupulizia dawa majumbani katika Upare na Taveta, uliofanyika katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, taarifa yake ilichapishwa na serikali mjini Dar es Salaam. Msomaji alisadiki kwa sababu aliijua taasisi, na pengine alimjua mwandishi. Utaratibu huo ulitosha maadamu wasomaji walikuwa wachache. Ulikuwa na dosari iliyo wazi: mwenye mamlaka alijithibitisha mwenyewe.

Jarida la tiba la eneo hili lilikuwa limeanza Nairobi mwaka 1923, likijulikana baadaye kama East African Medical Journal. Kwa sadfa ya kuvutia, mwaka huohuo wa 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam, ambalo pamoja na habari na mashairi lilibeba mafundisho ya usafi na afya. Tangu hapo njia mbili ziligawanyika. Utafiti juu ya miili ya wasemaji wa Kiswahili uliandikwa kwa Kiingereza, na maagizo ya kufuatwa na miili hiyo yakaandikwa kwa Kiswahili. Mgawanyiko huo haujafungika hadi leo, na una uhusiano na suala la ulaghai kuliko inavyodhaniwa, kwa maana mtu aliyetolewa damu Lushoto au Korogwe hana njia ya kujua kama habari ya damu yake imechapishwa mahali pa maana au imetupwa jaani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Amani ilibaki bila mlezi kwa muda mfupi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979, na Amani ikawa kituo chake. Baadaye shughuli nyingi zilihamia chini, Muheza. Taasisi hiyo ilianzisha pia jarida lake la utafiti wa afya, ambalo ni miongoni mwa majarida ya Tanzania yanayopatikana katika mtandao wa majarida ya Afrika ulioanzishwa mwaka 1998 na ambao makao yake yako Afrika Kusini.

Tauni ya Lushoto

Mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya ya Lushoto. Haikuondoka. Ilirudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miongo miwili, ikapanda na kushuka kati ya vijiji vya Usambara ya Magharibi, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameugua na mamia wamefariki. Swali lilikuwa gumu. Kwa nini kijiji kimoja kipatwe mwaka baada ya mwaka, na cha jirani, chenye panya walewale na mashamba yaleyale, kisipatwe?

Watafiti kutoka Ubelgiji na Tanzania, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walikusanya viroboto katika nyumba za vijiji 12. Vijiji 7 vilikuwa vya tauni ya mara kwa mara, na 5 vilikuwa vya tauni haba au isiyoandikwa kabisa. Walichokikuta si kiroboto wa panya bali kiroboto wa binadamu, aliyekuwa asilimia 72.4 ya viroboto wote wa majumbani. Na wingi wake ulikwenda sambamba na wingi wa tauni. Makala yao, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Anne Laudisoit, ilichapishwa mwaka 2007 katika jarida la magonjwa yanayoibuka la kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa. Hawakudai zaidi ya walichokiona. Walisema kwamba kiroboto wa binadamu huenda ana nafasi katika uenezaji wa tauni Lushoto, na kwamba kumhesabu kunaweza kusaidia kuvitambua vijiji vilivyo hatarini.

Makala hiyo inafaa kuwekwa mbele ya mtafiti anayechagua pa kuchapisha. Jarida hilo halimtozi mwandishi ada, na yeyote mwenye mtandao anaweza kulisoma bila malipo. Kwa hiyo dhana kwamba kila kilicho wazi kwa wote ni cha ulaghai, au kwamba heshima hununuliwa, inavunjika mara moja. Wahariri wanajulikana. Njia ya kukusanya viroboto imeelezwa. Na matokeo yamo katika fahirisi ambazo daktari wa Madagaska, ambako tauni ingaliko, huzitafuta. Ingekuwaje kama hesabu hizo za viroboto zingepelekwa kwa jarida lisilosomwa na mtu, lililozipokea kwa siku tatu na kuzitundika katika tovuti iliyotoweka baada ya miaka miwili? Damu ya mbu na viroboto si haba Usambara, lakini kijiji kinachokubali nyumba zake zipekuliwe hakikubali kila mwaka.

Soko jipya

Mpaka miaka ya 1990 gharama za jarida zililipwa na msomaji, kwa kawaida kupitia maktaba. Maktaba za Afrika Mashariki hazikumudu. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya tiba, na nafuu hiyo ilikuwa kubwa. Wakati huohuo ulienea mfumo mwingine ambao mwandishi ndiye anayelipa, na msomaji anasoma bure. Jarida la malaria lililoanza mwaka 2002 kwa mfumo huo limechapisha kazi nyingi za Tanzania, na ni jarida la kuaminika. Lakini pale anayelipa alipobadilika, kishawishi nacho kilibadilika. Jarida linalomtegemea msomaji hupoteza fedha likichapisha upuuzi. Jarida linalomtegemea mwandishi hupata fedha kwa kila makala linayoikubali.

Matapeli hawakuchelewa. Wachunguzi Cenyu Shen na Bo-Christer Björk walikadiria mwaka 2015 kwamba makala zilizotolewa na majarida ya namna hiyo ziliongezeka kutoka 53,000 mwaka 2010 hadi 420,000 mwaka 2014, na ada ya wastani ilikuwa dola 178 kwa makala. Robo tatu ya waandishi walitoka Asia na Afrika. Bei hiyo inaeleza mengi. Majarida ya kweli yanayomtoza mwandishi hutaka dola elfu moja, mbili au zaidi. Nchi maskini husamehewa, lakini Tanzania ilipopandishwa na Benki ya Dunia mwezi Julai 2020 kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, kwa baadhi ya wachapishaji msamaha kamili ulihatarika kugeuka kuwa punguzo. Mhadhiri anayehitaji makala ili apandishwe cheo, asiye na mfadhili, huona dola 178 kama mlango ulio wazi.

Jaribio lililowashtua wengi lilifanywa na mwandishi wa habari John Bohannon na kuchapishwa Oktoba 2013 katika jarida la Science. Alibuni makala ya bandia juu ya dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mwanafunzi wa kemia angeyaona, akaituma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali, na 98 yakaikataa. Katika hayo yaliyoikubali, mengi hayakuonyesha dalili yoyote ya kuisoma. Kuna jambo moja ambalo wasimulizi wa kisa hicho hulipita haraka. Ili udanganyifu wake ufanikiwe, Bohannon alibuni majina ya waandishi wa Kiafrika na taasisi za kubuniwa katika miji ya Afrika. Mmojawapo aliwekwa Asmara. Alieleza kwamba mtafiti asiyepatikana mtandaoni angeleta mashaka machache akitoka nchi inayoendelea. Hila hiyo ilifaa kwa kazi yake, ila iliacha doa: kwa mhariri mvivu, jina la Kiafrika lilitumika kama kitambulisho cha mtu asiyefuatiliwa.

Doa la aina hiyo limo pia katika orodha iliyojulikana kuliko zote, ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, ambaye ndiye aliyeeneza jina la Kiingereza la wachapishaji hao, lenye maana ya wawindaji wa mawindo. Orodha yake iliwasaidia maelfu ya watafiti mpaka alipoiondoa Januari 2017. Lakini ilikuwa orodha ya mtu mmoja, vigezo vyake vilibishaniwa, na mwaka 2015 alifikia kuufananisha mtandao wa majarida ya Amerika ya Kusini, SciELO, na mtaa wa mabanda. Jarida la Dar es Salaam au Kampala linalochelewa kutoka kwa kukosa karatasi na lenye tovuti duni linaweza kufanana kwa sura na jarida la tapeli. Umaskini si utapeli, na mtu anayepima kwa sura atawaadhibu maskini kwanza. Kwa sababu hiyo mtandao wa majarida ya Afrika, kwa ushirikiano na wadau wa Uingereza, ulianzisha mwaka 2017 utaratibu wa kuyapima majarida kwa nyota, ili jarida dogo la kweli lijulikane lilipo na linapopaswa kurekebisha.

Wala isidhaniwe kwamba wanaonaswa ni maskini tu. David Moher na wenzake walizichunguza makala 1,907 za tiba katika majarida yaliyoshukiwa, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba zaidi ya nusu ya waandishi walitoka nchi za kipato cha juu au cha kati cha juu. Makala hizo zilihusu takwimu za watu zaidi ya milioni mbili. Machi 2019 mahakama ya shirikisho huko Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa udanganyifu dhidi ya watafiti. Miongoni mwa mashtaka ni kutaja watu kuwa wahariri bila ridhaa yao na kuficha ada mpaka makala imekwisha kukubaliwa.

Suala la jina

Kiswahili hakijatulia juu ya jina la majarida haya. Wapo wanaosema majarida laghai, na wapo wanaosema ya kitapeli. Tafsiri ya neno kwa neno ingetoa majarida mbuai, kwa kuwa mbuai ndilo neno la elimuviumbe kwa mnyama anayewinda wengine. Neno hilo lina sauti nzuri, lakini lina kasoro ya maana. Swala hamfuati chui kwa hiari, ilhali baadhi ya waandishi wanajua wanachokinunua na wanakinunua kwa makusudi. Hao hawakuwindwa, walifanya biashara. Wataalamu 43 kutoka nchi 10 waliokubaliana juu ya fasili iliyochapishwa mwaka 2019 walitaja masilahi binafsi yanayowekwa mbele ya taaluma, habari za uongo, ukosefu wa uwazi, kukiuka taratibu njema za uhariri, na ushawishi wa kufuatafuata watu ovyo. Neno laghai linayabeba hayo yote bila kuamua mapema nani ni mhanga.

Ushawishi huo ndio alama iliyo rahisi kuonwa. Barua pepe humwita mtafiti wa viroboto mtaalamu mashuhuri, na humwomba makala ya moyo au ya meno, ifike kabla ya Ijumaa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alama nyingine zahitaji kazi zaidi, na kanuni moja inazihusu zote: madai ya jarida yasithibitishwe kutoka kwa jarida lenyewe. Likisema limo katika orodha ya majarida huria iliyoanzia Lund, Sweden, mwaka 2003, orodha hiyo yenyewe ifunguliwe na jina litafutwe, pamoja na namba yake ya utambulisho, kwani wapo wanaoiba jina la jarida la kweli na kulijengea tovuti pacha. Likitaja kipimo cha athari, iangaliwe ni nani aliyekitoa, maana vipo vipimo vinavyouzwa kama mihuri ya bandia. Likimtaja profesa wa Muhimbili kuwa mhariri, profesa huyo apigiwe simu. Hata kuonekana kwa makala katika hifadhi kubwa ya tiba ya Marekani si hirizi, kwa kuwa makala za majarida dhaifu zimepata kuingia humo kupitia masharti ya wafadhili.

Kampeni ya kimataifa iliyozinduliwa mwaka 2015 kwa wito wa kufikiri, kukagua na ndipo kutuma, inamtaka mtafiti ajiulize kama yeye au wenzake wanalijua jarida hilo, na kama amewahi kusoma humo kitu kilichomfaa. Huu ni utaratibu wa ndugu wa mgonjwa wa Kishambaa waliokaa kukumbushana ni nani aliyemponya nani. Mtafiti aliye peke yake katika hospitali ya wilaya ndiye anayekosa jamaa wa kushauriana nao. Kwake mkutubi wa chuo, hata kwa simu, ni bora kuliko orodha yoyote, kwa sababu orodha huchakaa.

Utafiti juu ya mwinuko na malaria katika Usambara, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la wadudu wa tiba, ulionyesha kwamba kutoka kijiji cha mita 300 hadi cha mita 1,700 uambukizaji hupungua kwa kiasi cha mara 1,000. Hesabu hiyo ilipatikana kwa watu waliokubali kukesha na kunasa mbu, na kwa watoto waliotobolewa vidole. Makala hiyo, kama ile ya viroboto ya mwaka 2007, iliandikwa kwa Kiingereza. Katika vijiji vilivyohesabiwa viroboto, neno lililotumika na wenye nyumba, na ambalo wakusanyaji walilazimika kulijua kabla ya kuingia mlangoni, lilikuwa la Kiswahili au la Kishambaa.